ROBERT HUNGATE, MTU ALIYETAFUTA WALAJI WA KWELI WA MAJANI



Mara nyingi katika kurasa za namna hii tunasoma maisha ya mfalme, ya msafiri, ya daktari au ya mtu aliyepigania uhuru. Leo tumechagua mtu wa namna nyingine. Jina lake halijulikani sokoni Kasongo wala Kabambare, lakini duniani kote watu wanaosomea tumbo la ngombe, la mbuzi na la kondoo wanalijua sana. Jina lake ni Robert Hungate. Tusome habari zake polepole, maana zinagusa nyumba zetu kuliko tunavyofikiri.

Nani kwetu hajaona mbuzi aliyekufa kwa ghafula? Jana alikuwa mzima. Alikuta mpunga au mahindi yameanikwa mbele ya nyumba, watu wote wako shambani, akala mpaka akashiba kupita kiasi. Kesho yake hataki kusimama, tumbo limejaa, anapumua kwa shida, na mbele ya jua kutua amekufa. Mbuzi huyo alikuwa minerval ya mtoto. Basi maneno yanaanza. Nani alipita hapa jana? Jirani gani ana wivu? Ziko familia ambazo hazisalimiani miaka na miaka juu ya mbuzi mmoja.

Tushike mbuzi huyo akilini. Tutarudi kwake kisha kusoma maisha ya Bwana Hungate.

1. Mtoto wa mwalimu

Robert Hungate alizaliwa tarehe 2 Machi 1906 katika mji mdogo wa Cheney, jimbo la Washington, upande wa kaskazini-magharibi ya Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu wa biolojia katika chuo cha kuwatayarisha waalimu, hapo hapo Cheney. Kwa hiyo mtoto alikua katika nyumba ambamo mmea na mdudu ni mambo ya kuzungumza mezani.

Alipokuwa kijana alikwenda California kusoma katika universite ya Stanford. Alipata diploma yake ya kwanza mwaka 1929, na udaktari wa elimu mwaka 1935. Huko alikutana na mwalimu mmoja Mholanzi, C. B. van Niel, aliyekuwa akifundisha habari za mikrobu pembeni ya bahari, mahali panapoitwa Pacific Grove. Mikrobu ndivyo vijidudu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona bila mikroskopu. Hungate alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza kabisa wa mwalimu huyo. Toka kwake alijifunza jambo moja ambalo hakuliacha mpaka uzee: ukitaka kumjua kijidudu, ujue kwanza kinaishi wapi, kinakula nini, na kinatupa nini.

2. Alianza na mchwa

Watu wengi wangefikiri kwamba mtu huyu alianza na ngombe. Hapana. Alianza na mchwa.

Sisi watu wa Maniema tunamjua mchwa. Anakula nguzo za nyumba, anakula mkeka, anakula sanduku la vitabu. Lakini umewahi kujiuliza anapata nguvu gani katika mti mkavu? Wewe ukila vumbi la mbao mwezi mzima, utakufa.

Mbele ya Hungate, Mmarekani mwingine aliyeitwa L. R. Cleveland alikuwa amekwisha kuonyesha, katika miaka ya 1920, jambo la ajabu. Aliwatoa mchwa fulani wa kula mbao vijidudu vilivyomo ndani ya matumbo yao. Mchwa hao waliendelea kula mbao sawa na zamani, lakini wakafa kwa njaa. Tumbo limejaa, na mwili una njaa! Kumbe mlaji wa kweli hakuwa mchwa. Mlaji alikuwa kijidudu aliyekaa ndani yake.

Hungate alichukua kazi hiyo akaiendeleza kwa hesabu. Hakuridhika kusema kwamba vijidudu vinasaidia. Alitaka kujua vinasaidia kiasi gani. Alipima mbao iliyoingia, akapima gesi na asidi zilizotoka. Akaona kwamba vijidudu vinavunja mti na kutoa asidi ya siki, yaani ileile inayofanya siki kuwa kali, na mchwa anaitumia asidi hiyo kama chakula chake.

Hapa tuongeze neno kidogo. Mchwa aliowachunguza Hungate ni wa Marekani. Kwetu Afrika, mchwa wengi wanaojenga vichuguu vikubwa wana njia nyingine: wanalima uyoga ndani ya kichuguu. Wanaleta majani na vijiti, uyoga unavivunja, kisha wao wanakula. Ule uyoga mkubwa tunaookota juu ya kichuguu wakati wa mvua unatoka katika shamba lao. Ukila uyoga huo kwa bugali, ujue kwamba unakula mavuno ya mchwa.

3. Swali la zamani juu ya ngombe

Mwaka 1935 Hungate alikwenda kufundisha katika universite ya Texas, jimbo lenye ngombe wengi sana. Hapo fikira zake zikatoka katika mnyama mdogo zikaingia katika mnyama mkubwa.

Tueleze swali lenyewe. Majani, mabua na miti vimejengwa kwa kitu kinachoitwa selulozi. Ile pamba ambayo wazee wetu walilazimishwa kulima wakati wa Wabelgiji ni selulozi karibu yote. Karatasi hii unayoishika mkononi ni selulozi. Tena ajabu ni kwamba selulozi na wanga wa muhogo ni ndugu. Vyote viwili ni minyororo mirefu ya sukari moja inayoitwa glukozi. Tofauti ni namna ya kufunga pete moja na nyingine. Katika muhogo zimefungwa kwa namna ambayo miili yetu inaweza kufungua. Katika selulozi zimefungwa kwa namna nyingine, na mwili wa mtu hauna ufunguo wake.

Ufunguo huo unaitwa enzimu. Enzimu ni protini inayofanya kazi ya kukata au kuunganisha vitu vingine, na yenyewe haimaliziki katika kazi hiyo. Mate yako yana enzimu ya kukata wanga. Ndiyo maana ukitafuna bugali au mkate muda mrefu, unaanza kusikia utamu. Lakini ukitafuna karatasi hata saa nzima, hutasikia utamu wowote.

Sasa sikia: mwili wa ngombe nao hauna enzimu ya kukata selulozi. Wala wa mbuzi, wala wa kondoo. Katika jambo hili ngombe ni maskini sawa na sisi. Lakini mbuzi akiiba gazeti hili akalila, anapata nguvu, na wewe hupati kitu. Kwa nini?

Jibu liko katika tumbo la kwanza, lile kubwa. Ngombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza katika ngombe mkubwa kinaweza kuchukua lita 100 na zaidi. Kina joto, kina maji, kina giza, na karibu hakina oksijeni. Mwaka 1843, kule Paris, watu wawili walioitwa Gruby na Delafond walitazama maji ya tumbo hilo katika mikroskopu, wakaona vijidudu vinaogelea ndani. Mwaka 1861 Louis Pasteur alionyesha kwamba viko vijidudu vinavyoishi bila hewa kabisa. Katika miaka ya 1880 Mjerumani Tappeiner alionyesha kwamba selulozi inapotea ndani ya tumbo la ngombe kwa kazi ya vijidudu.

Basi watu walijua kwamba kazi inafanyika. Lakini nani hasa mfanyakazi? Zaidi ya miaka 50 ilipita bila mtu kumshika.

4. Chupa isiyo na hewa

Shida ilikuwa hii. Watafiti walichukua maji ya tumbo la ngombe, wakayaweka katika vyombo vyao, hewa ikiingia. Vijidudu vingine viliota, wakafurahi, wakaviandika. Lakini vijidudu hivyo vilikuwa vichache sana tumboni. Wafanyakazi wa kweli walikuwa wamekufa mara tu walipoguswa na hewa. Ni sawa na mtu anayetaka kuwajua wavuvi wa Lualaba, lakini anawangoja juu ya kilima. Atawaona watu, ndiyo, lakini si wavuvi.

Hungate akageuza fikira. Hakutaka kijidudu kije kuishi katika nyumba ya mtafiti. Alitaka mtafiti ajenge nyumba inayofanana na tumbo la ngombe.

Alitengeneza chakula cha vijidudu, akakichemsha ili hewa itoke. Alipitisha gesi ya kaboni iliyosafishwa, isiyo na oksijeni hata kidogo, akajaza nayo chupa nyembamba za vioo. Ndani aliweka selulozi iliyosagwa laini sana, pamoja na agari, kile kitu kinachoganda kama uji uliopoa. Kisha alichukua maji ya tumbo, akayapunguza kwa maji mengine mara kumi, tena mara kumi, tena mara kumi, mpaka tone moja limebaki na vijidudu vichache sana. Akatia tone hilo katika chupa, akaziba kwa mpira, akaizungusha katika maji ya baridi. Agari ikaganda kama ngozi nyembamba kuzunguka kioo chote upande wa ndani. Kisha akangoja.

Selulozi ilifanya agari kuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nyuma ya siku nyingi, palitokea madoa madogo yaliyo wazi kama dirisha. Katikati ya kila doa palikuwa na kundi la bakteria. Bakteria hao walikuwa wametoa enzimu zao, na enzimu zimekata selulozi yote iliyokuwa karibu. Hapo Hungate aliweza kuonyesha kwa kidole: huyu ndiye mla majani.

Njia hiyo ni nyepesi kusimulia, lakini ilimchukua miaka mingi. Mwaka 1942 alitoa habari za kijidudu kikubwa kidogo, jamii ya protozoa, chenye kuvunja selulozi. Mwaka 1944 alitangaza bakteria mmoja wa tumbo la ngombe mwenye kazi hiyo. Lakini hakupiga vigelegele. Kila mara alijiuliza: wako wangapi? Kazi yao inatosha kueleza majani yote ambayo ngombe anakula kwa siku? Kama hesabu haikutosha, alirudi kutafuta tena. Mwaka 1945 alihamia Pullman, katika jimbo lake la Washington, akaendelea hapo. Mwaka 1950 alichapisha kazi ndefu yenye kueleza njia yake yote, na ndani yake walikuwamo bakteria wengi wa kukata selulozi. Mmoja wao leo anaitwa Fibrobacter succinogenes. Mwingine ambaye alimpa jina mwaka 1957 ni Ruminococcus albus. Wanafunzi wa Bio-Kemia, msiogope majina haya. Hayaulizwi kila mwaka katika egzeta.

5. Ngombe ni mfugaji

Tukikusanya aliyoyaonyesha Hungate na wenzake, tunaona picha hii.

Ngombe anakata majani na kuyameza haraka. Baadaye analala kivulini, anayarudisha mdomoni, anayatafuna tena. Ndiko kucheua. Kazi ya kutafuna ni kuvunja majani yawe vipande vidogo, ili vijidudu vipate mahali pengi pa kushika. Bakteria wanajibandika juu ya vipande hivyo. Katika mililita moja tu ya maji ya tumbo hilo wanaweza kuwamo bakteria 10.000.000.000 na zaidi. Hesabu wewe mwenyewe watakuwa wangapi katika lita 100.

Enzimu zao zinasaidiana. Moja inakata mnyororo katikati. Nyingine inauma toka mwisho, ikitoa pete mbili mbili. Nyingine inagawanya hizo mbili kuwa glukozi moja moja. Bakteria wanakula glukozi hiyo. Lakini kwa sababu hakuna oksijeni, hawawezi kuitumia yote. Mabaki wanayatupa kama asidi: asidi ya siki na ndugu zake wawili, asidi ya propioni na asidi ya butiri. Hizi asidi, ambazo kwa bakteria ni takataka, zinapita katika ukuta wa tumbo na kuingia damuni. Ngombe anapata katika asidi hizo karibu 70 kwa 100 ya nguvu zake. Hidrojeni inayobaki inachukuliwa na vijidudu vingine, vinaifanya gesi ya metani, na ngombe anaitoa kwa kucheua hewa mdomoni.

Haijaisha. Vijidudu vyenyewe vinazaana, vinajaa, vinasukumwa mpaka chumba cha nne cha tumbo. Hapo ngombe anavimeng'enya, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya protini yake. Ni kama mama anayefuga kuku: kwanza anakula mayai, mwishoni anakula kuku wenyewe. Ngombe anawalisha majani, anawapa joto na maji. Wao wanamlipa kwa asidi, kisha kwa miili yao.

Sasa tunaelewa kwa nini majani makavu ya porini yanageuka kuwa maziwa. Si ngombe peke yake aliyefanya kazi.

6. Kondoo waliokula nafaka

Turudi kwa mbuzi wetu.

Mwaka 1952 Hungate, pamoja na R. W. Dougherty, M. P. Bryant na R. M. Cello, alitoa habari za kondoo waliougua kwa kula vibaya. Mmoja wao, Marvin Bryant, alikuwa amesoma kwake, na baadaye akawa bingwa mkubwa wa kazi hii. Walitaka kujua mambo gani yanabadilika ndani ya tumbo wakati mnyama aliyezoea majani anapopewa nafaka nyingi kwa mara moja.

Waliona hivi. Wanga wa nafaka ni rahisi kukatwa. Bakteria mmoja, Streptococcus bovis, ambaye siku zote yuko tumboni kwa hesabu ndogo, anapata karamu. Anazaana kwa mbio kupita wote. Anatoa asidi kali ya laktiki, ile inayopatikana katika maziwa yaliyoganda. Asidi inaongezeka saa kwa saa. Wakata selulozi hawawezi kuvumilia asidi hiyo, wanakufa. Protozoa nao wanakufa. Tumbo linaacha kusukuma. Asidi inaingia damuni, maji ya mwili yanakimbilia tumboni, na mnyama anaanguka. Wakati mwingine siku moja au mbili zinatosha kumwua.

Hakuna mtu aliyepita usiku. Hakuna dawa iliyozikwa mlangoni. Ni nafaka yetu wenyewe iliyoanikwa bila mlinzi.

Hatusemi kwamba kila mbuzi anayekufa kwa ghafula amekufa kwa nafaka. Yako magonjwa mengine, iko sumu ya muhogo mchungu, wako nyoka. Lakini kabla ya kumtazama jirani kwa jicho baya, tuulize kwanza: mbuzi alikula nini jana? Na tufanye haya machache. Mbuzi afungwe siku za kuanika mpunga na mahindi. Kama tunataka kumpa nafaka au maganda ya muhogo, tuanze na kidogo, tuongeze siku kwa siku, ili vijidudu vyake vipate kuzoea. Majani yasikosekane. Na kama amekwisha kula nyingi, tumwondolee chakula hicho mara moja, tumwite mtu wa mifugo, tusingoje kesho.

7. Alipowatazama wanyama wa Afrika ya Mashariki

Mwaka 1956 Hungate alihamia Davis, California, na huko alibaki mpaka mwisho wa kazi yake. Lakini jina lake liko pia katika kazi zilizofanyika upande wetu wa Afrika.

Pamoja na G. D. Phillips, aliyekuwa mtafiti wa mifugo kule Kenya, na wenzao wengine, alipima kazi ya vijidudu katika matumbo ya wanyama wa Afrika ya Mashariki, wa porini na wa nyumbani. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1959. Walitaka kujua kama vijidudu vinafanya kazi kwa mwendo mmoja katika kila mnyama. Wakaona kwamba haviko sawa. Katika paa wadogo sana, kazi inakwenda mbio kuliko katika ngombe. Sababu inaeleweka: mnyama mdogo anahitaji nguvu nyingi kwa kila kilo ya mwili wake, na tumbo lake ni dogo. Hawezi kungoja majani magumu yaive polepole. Ndiyo maana paa anachagua majani laini, matawi machanga na matunda, lakini ngombe anafagia kila kitu. Mbuzi naye, ukimtazama, anachagua sana.

Mwaka 1960 walitoa kazi nyingine. Waliwapa ngombe wa zebu, wale wenye nundu wanaofugwa Afrika, na ngombe wa asili ya Ulaya chakula kimoja, yaani majani makavu. Kisha wakalinganisha muda ambao chakula kinakaa tumboni, mwendo wa kazi ya vijidudu, na kiasi kinachomeng'enywa. Jambo hili lilikuwa na maana. Wakati ule wengi walipenda ngombe wa Ulaya na kumdharau wa Afrika. Hungate na wenzake hawakusema kwa kupenda wala kwa kudharau. Walipima.

Kwetu kusini mwa Maniema ngombe si wengi, kwa sababu inzi tsetse anawaletea ugonjwa. Mtu anayetaka kuona makundi makubwa anapanda milima ya Kivu. Lakini mbuzi na kondoo tunao karibu katika kila kijiji, na tumbo lao ni lilelile la vyumba vinne. Basi somo la Hungate si la watu wa milimani tu.

8. Kitabu, uzee na kifo

Mwaka 1966 Hungate alichapisha kitabu kikubwa kinachoitwa The Rumen and Its Microbes, yaani habari za tumbo la kwanza na vijidudu vyake. Kwa miaka mingi kitabu hicho kilikuwa mwalimu wa wote waliofuata njia hiyo. Alipumzika kazi ya kufundisha mwaka 1973.

Lakini chupa yake haikupumzika. Watu waliitumia kutafuta vijidudu vya matumbo ya watu, vya tope la maziwa na vya vidonda. Waliitumia kukuza vile vinavyotoa metani. Katika kuchunguza vijidudu hivyo vya metani, Carl Woese na George Fox walionyesha mwaka 1977 kwamba si bakteria wa kawaida. Ni tawi lingine kabisa la viumbe, ambalo leo linaitwa arkea. Mwaka 1975 Mwingereza Colin Orpin alionyesha kwamba hata kuvu wanaishi ndani ya tumbo la kondoo bila hewa, nao wanakata majani magumu.

Robert Hungate alikufa tarehe 21 Septemba 2004, akiwa na umri wa miaka 98. Watafiti wa nchi mbalimbali waliunganisha nguvu kusoma urithi wa vijidudu vya tumbo la wanyama hawa, na kazi yao wakaipa jina la Hungate1000. Mwaka 2018 walitoa orodha ya vijidudu 501. Wanatafuta ndani yake enzimu za kukata selulozi, na pia njia ya kupunguza metani, kwa sababu gesi hiyo inaongeza joto la dunia.

9. Tunajifunza nini?

Kwanza, tusidharau kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kijidudu juu ya kijidudu hulisha ngombe mzima.

Pili, ukitaka kumjua kiumbe, nenda kwake. Waliomtangulia Hungate walikuwa na akili nyingi, lakini waliwalazimisha vijidudu kuishi kwa desturi ya watafiti. Yeye alijenga nyumba isiyo na hewa, na waliofichika wakajionyesha.

Tatu, kupima ni bora kuliko kushuku. Mtu anayeshuku anapata adui. Mtu anayepima anapata jibu, na kama hakulipata leo, kesho anapima tena.

Ninyi wadogo zetu wa darasa la saba na la nane, hamna mikroskopu nyumbani. Lakini mbuzi mnao. Leo jioni, mbuzi wakilala, kaa karibu kimya. Utaona donge la majani linapanda shingoni mpaka mdomoni. Hesabu anatafuna mara ngapi mbele ya kumeza tena. Andika. Kesho hesabu tena kwa mbuzi mwingine. Hungate naye alianza kwa kutazama mdudu anayekula mbao, na kwa kuhesabu.

Na siku mbuzi wa jirani akifa, wewe mwenye kusoma ukurasa huu uwe wa kwanza kuuliza kwa upole: Mama, jana mpunga ulianikwa wapi? Labda kwa swali hilo nyumba mbili zitaendelea kusalimiana.